"Chambua kama Karanga": Kihaya, Kiswahili na Upokezi wa Wimbo "Maria Salome" katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Wimbo "Maria Salome" wa Saida Karoli, uliotoka mwaka 2001, ni miongoni mwa nyimbo chache zenye maneno mengi ya lugha ya jamii zilizopata umaarufu wa kitaifa nchini Tanzania. Wasikilizaji wengi hawaujui kwa jina hilo. Huuita "Chambua kama Karanga", yaani kwa maneno ya Kiswahili yaliyomo ndani yake. Makala haya yanauchunguza wimbo huo kwa kuzingatia majina yake mawili, tashibihi inayobebwa na jina la pili, ngazi za uelewa wa hadhira ya Mwanza na mwambao wa ziwa, na toleo la mwaka 2016 la Diamond Platnumz na Rayvanny liitwalo "Salome". Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kiliufungulia wimbo mlango na papo hapo kikaufunika, na kwamba uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeendelea kulisoma lile lililo mlangoni tu. Makala yanapendekeza wimbo huu usomwe kama matini ya lugha mbili zenye hadhi sawa.

1. Utangulizi

Saida Karoli alizaliwa mwaka 1976 katika Wilaya ya Bukoba, Mkoa wa Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Lugha yake ya kwanza ni Kihaya, na ndiyo aliyoitumia kwa kiasi kikubwa katika uimbaji wake, ingawa tangu mwanzo hakujifunga nayo. Wimbo wake "Mapenzi Kizunguzungu", kwa mfano, unajitambulisha kwa Kiswahili tangu jina lake. "Maria Salome" ulivuma Tanzania nzima na kuvuka hadi nchi jirani, ukichezwa redioni, harusini na katika vyombo vya usafiri, mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua Kihaya hata kidogo.

Mafanikio hayo hayakuwa jambo la kawaida. Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, utangazaji wa taifa uliendeshwa hasa kwa Kiswahili, na bendi za dansi zilizotegemea redio zilitunga kwa lugha hiyo. Redio binafsi zilizoanzishwa katika miaka ya 1990, ikiwamo Radio Free Africa yenye makao yake Mwanza, ziliongeza idadi ya nyimbo zilizosikika. Hata hivyo, hazikuondoa mazoea ya kuuchukulia wimbo wa Kihaya, Kisukuma au Kigogo kama "ngoma ya asili" na wimbo wa Kiswahili kama "muziki". Saida Karoli aliingia katika nafasi iliyokuwa kati ya makundi hayo mawili.

Uhakiki umekuwa mzito kumfuata huko. Utafiti wa fasihi simulizi ya Wahaya umejikita zaidi katika enanga, utendi unaoimbwa kwa zeze la nanga, ambao Mulokozi (1986) aliuchunguza kwa kina katika tasnifu yake ya uzamivu. Kwa upande mwingine, utafiti wa muziki wa kizazi kipya umejikita katika matini za Kiswahili za Dar es Salaam. Wimbo wa kaseti ulioimbwa na mwanamke kwa Kihaya, ukiwa na kipande cha Kiswahili, haukupata makazi katika tawi lolote kati ya hayo. Ndiyo maana ni wimbo unaojulikana mno na kusomwa kidogo.

2. Wimbo mmoja, majina mawili

Jina la wimbo ni sehemu ya kwanza ya matini ambayo hadhira hukutana nayo, na mara nyingi ndiyo inayobaki wakati mengine yamesahauliwa. Mtunzi aliupa wimbo wake jina la mtu, Maria Salome. Hadhira pana ikauita "Chambua kama Karanga". Tofauti hii ni ushahidi wa upokezi: wasikilizaji waliokosa njia ya kuingia katika Kihaya walikamata maneno waliyoyaelewa, wakayafanya kuwa wimbo mzima.

Hali hii ina mfano wake mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 1961 mwimbaji wa Kijapani Kyu Sakamoto alirekodi "Ue o Muite Arukō", jina linaloweza kufasiriwa "Nitembee Nikitazama Juu". Ni wimbo wa huzuni, maneno yake yakiwa yametungwa na Rokusuke Ei na muziki wake na Hachidai Nakamura. Ulipouzwa Uingereza na Marekani, wafanyabiashara wa santuri waliuona kuwa na jina gumu mno kwa wanunuzi, wakaupa jina la "Sukiyaki", ambalo ni chakula cha nyama kisichohusiana hata chembe na maudhui ya wimbo. Kwa jina hilo ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya Marekani mwezi Juni 1963, ukiwa bado unaimbwa kwa Kijapani. Baadaye kundi la A Taste of Honey liliurekodi upya kwa maneno ya Kiingereza ambayo si tafsiri ya yale ya Ei.

Nyimbo hizi mbili zinafanana kwa kuwa kila mmoja ulivuka mpaka wa lugha kwa jina la kitu kinacholiwa, na kila mmoja ulirekodiwa upya baada ya miaka kadhaa kwa lugha ya hadhira kubwa zaidi. Lakini tofauti yao ina uzito zaidi kuliko mfanano. "Sukiyaki" lilibandikwa kutoka nje na watu waliotaka kuuza. "Chambua kama Karanga" lilitoka ndani ya wimbo wenyewe na likateuliwa na wasikilizaji. Msikilizaji wa Kimarekani hakuwa na neno lake katika wimbo wa Sakamoto, ilhali msikilizaji wa Dodoma au Tanga alikuwa nalo katika wimbo wa Saida Karoli kwa sababu mtunzi mwenyewe aliliweka. Kwa hiyo si sahihi kulisimulia tukio hili kama hadithi ya lugha ndogo iliyoporwa na lugha kubwa. Mtunzi alijua anaimba mbele ya nani. Swali linalobaki ni jinsi mlango huo wa makusudi ulivyotumiwa na waliopita humo.

3. Tashibihi ya karanga

Kitenzi "chambua" kina maana tatu zinazotambuliwa na wazungumzaji wa Kiswahili. Ya kwanza ni kutenga kizuri na kibaya kwa mkono: mchele huchambuliwa mawe na mboga huchambuliwa majani makavu. Ya pili ni kueleza jambo kwa undani, na hapa ndipo taaluma ilipochota istilahi ya uchambuzi, kama ilivyo katika jina la kitabu cha Syambo na Mazrui, Uchambuzi wa Fasihi (1992). Ya tatu ni kumsema mtu kipengele kwa kipengele: sura yake, mwendo wake, nyumba yake na ukoo wake.

Katika mwambao wa kusini wa ziwa maana ya kwanza ina uzito wa pekee. Mwanza na Shinyanga ni maeneo ya pamba. Mkulima huichambua pamba yake nyumbani, safi upande mmoja na fifi upande mwingine, kabla ya kuipeleka mnadani au kituoni, na kiwanda kinachotenga nyuzi na mbegu huitwa kiwanda cha kuchambua pamba. Kwa msikilizaji wa Kwimba au Magu, basi, kitenzi hiki kinabeba kazi, bei na hukumu. Atakayeambiwa pamba yake ni fifi amechambuliwa yeye pamoja na jasho lake.

Karanga huleta picha iliyo karibu na hiyo lakini ya ndani ya nyumba zaidi. Baada ya kumenywa, punje humwagwa kwenye ungo, zilizooza na zilizosinyaa zikatolewa, na zilizo nzima zikatengwa kwa mbegu, kwa kukaanga au kwa kusaga na kuungia mboga. Ni kazi ya kukaa chini, ya vidole na macho, na aghalabu hufanywa na wanawake wakiwa pamoja. Mikono ikiwa kazini, midomo huwa huru. Hivyo maana ya kwanza ya kuchambua na maana yake ya tatu hukutana kwenye ungo mmoja: wanaochambua karanga ndio hao hao wanaochambua watu. Tashibihi inapata nguvu yake kutokana na ujirani huo wa kazi na mazungumzo.

Jambo jingine ni la sarufi. Kama jina, "Chambua kama Karanga" ni kitenzi katika hali ya amri kisicho na kiambishi cha yambwa. Haisemwi "nichambue", "mchambue" wala "wachambue". Kinachofananishwa na karanga hakitajwi, na anayepewa amri hatajwi pia. Pengo hili ndilo lililoyafanya maneno haya yasafiri kwa wepesi, kwa kuwa kila mtumiaji hulijaza kwa yambwa yake. Katika matumizi ya kila siku, "kumchambua mtu kama karanga" kumekuwa msemo unaojitegemea. Hutumiwa kwa mwanasiasa aliyembana mpinzani wake kwa hoja, na katika utangazaji wa kandanda kwa mshambuliaji aliyewapita mabeki mmoja baada ya mwingine.

Msemo huo umepoteza kitu njiani. Kuchambua si kutwanga wala kusaga. Punje iliyochambuliwa hubaki nzima, na iliyo bora hutengwa kwa ajili ya kupandwa. Ndani ya ungo, kuchambuliwa ni kupimwa, na kupimwa kunaweza kuishia katika kukubaliwa. Uwanjani na jukwaani, kuchambuliwa kumekuwa kushindwa. Mwelekeo wa tathmini umeachwa na mwelekeo wa maangamizi umechukuliwa.

4. Ngazi za usikivu katika mwambao

Mazungumzo ya kawaida kuhusu "Maria Salome" hugawa hadhira katika makundi mawili: Wahaya wanaoelewa na wengine wasioelewa. Mwanza inaonyesha kwamba mgawanyo huo hautoshi. Jiji hilo lipo katika eneo la Wasukuma, lakini kwa muda mrefu limekuwa kituo cha watu wa pande zote za ziwa. Meli zinazofika bandarini kutoka Bukoba na Kemondo huleta ndizi na abiria wa Kagera, na vivuko na boti huunganisha mji na Ukerewe na Sengerema.

Katika uainishaji wa Guthrie uliorekebishwa, Kihaya (JE22), Kizinza (JE23) na Kikerewe (JE24) zimekaa pamoja. Msikilizaji wa Kizinza kutoka Sengerema au wa Kikerewe kutoka Nansio hahitaji mkalimani ili kuufuata wimbo wa Kihaya kwa kiasi kikubwa. Msukuma, ambaye lugha yake (F21) iko mbali zaidi, hupata mizizi ya maneno na kupoteza viunganishi. Mzungumzaji wa Kiswahili pekee naye hakai gizani kabisa. Akishazoea irabu tangulizi ya Kihaya, "omuntu" na "abantu" humrudia kuwa mtu na watu, "okugenda" kuwa kwenda, "okulya" kuwa kula. Mjaluo wa Rorya, ambaye lugha yake si ya Kibantu, hana msaada huo, na kwake kipande cha Kiswahili ndicho maneno, na kilichobaki ni sauti na ngoma.

Wimbo huu, kwa hiyo, una hadhira ya ngazi kadhaa, na kila ngazi huusikia ukiwa na uwiano tofauti wa maneno na sauti. Katika ngazi ya Mhaya, kipande cha Kiswahili ni tukio: ni pale ambapo mwimbaji anageuka na kuwakabili wageni. Katika ngazi ya msikilizaji wa Kiswahili pekee, ni Kihaya kinachogeuka kuwa mandhari na Kiswahili kuwa kiini. Kubadili msimbo kunakofanywa na mwimbaji ni kitendo kimoja, lakini maana yake hupinduka kutegemea mahali msikilizaji aliposimama. Nadharia ya kubadili msimbo inayomtazama mzungumzaji peke yake haiwezi kulieleza jambo hili. Inahitaji kuambatana na nadharia ya upokezi.

Ni vyema kulinganisha hali hii na kazi nyingine ya mwambao huu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na ilikaa miongo bila kuchapishwa. Ilitoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kwa tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Leo ni sehemu isiyo na ubishi ya fasihi ya Kiswahili. Kitereza alilazimika kuiacha lugha moja mlangoni ili aingie na nyingine. Saida Karoli aliingia na zote mbili. Uhakiki unao msamiati wa kuijadili njia ya Kitereza, kwa kuwa tafsiri ni uwanja uliolimwa. Kwa njia ya Saida Karoli umekuwa na neno moja tu, "vionjo", kana kwamba Kihaya ni chumvi iliyonyunyizwa juu ya chakula cha Kiswahili, ilhali katika wimbo huu ndicho chakula chenyewe.

5. Kutoka "Maria Salome" hadi "Salome"

Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akishirikiana na Rayvanny, alitoa wimbo "Salome" uliojengwa juu ya kiini cha wimbo wa Saida Karoli. Toleo hilo lilipata mafanikio makubwa na kuwafikia vijana waliokuwa watoto mwaka 2001. Ni kosa kulipuuza kama uigaji mtupu. Mwingilianomatini ni uhai wa muziki maarufu, na toleo hilo lilimrudisha mtunzi wa awali katika mazungumzo ya umma. Mwaka uliofuata naye alitoa wimbo mpya, "Orugambo".

Hata hivyo, mabadiliko matatu yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni la lugha. Kihaya kilichokuwa kingi kimepungua hadi kuwa alama ya asili, na Kiswahili cha mjini kimechukua nafasi yake. Toleo la 2016 limetekeleza kimaandishi kile ambacho hadhira ilikuwa imekwisha kukifanya kimasikio: limekifanya kipande cha Kiswahili kuwa wimbo mzima.

La pili ni la sauti. Wimbo wa awali uliongozwa na mwanamke. Katika toleo jipya wanaume wawili wanamsifu na kumtamani mwanamke. Pengo la yambwa lililojadiliwa hapo juu limejazwa: anayechambuliwa sasa ni mwili wa Salome, na wanaochambua ni watazamaji wake. Nafsineni ya kike imegeuka kuwa kitu kinachosemwa.

La tatu ni la jina, na ingawa linaonekana dogo, linabeba mengi. "Maria Salome" ni jina la kibatizo linalotambulika mara moja katika eneo la Bukoba, ambako misheni ya Kashozi ilianzishwa mwaka 1892 na ambako alitoka Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, aliyeteuliwa mwaka 1960. Katika mapokeo ya Kikatoliki, Maria Salome ni miongoni mwa wanawake waliosimama karibu na msalaba na kwenda kaburini, na Injili ya Marko inamtaja Salome katika matukio yote mawili. Jina "Salome" likibaki peke yake, linaelekeza kwingine: kwa binti wa Herodia aliyecheza mbele ya Herode. Injili haimtaji binti huyo kwa jina. Ni mwanahistoria Yosefo aliyelihifadhi jina la Salome, na sanaa ya Ulaya, kuanzia tamthilia ya Oscar Wilde hadi opera ya Richard Strauss ya mwaka 1905, ikaligeuza kuwa jina la mcheza ngoma anayewatia wanaume wazimu. Kwa kulidondosha "Maria", liwe lilikusudiwa au la, toleo la 2016 limemhamisha mwanamke kutoka kaburini hadi ukumbini. Taswira za wimbo huo zinakubaliana na Salome wa pili.

Katika muktadha huu "Orugambo" unasomeka kama jibu, hata kama haukutungwa kwa nia hiyo. Neno hilo linatokana na "okugamba", kusema, na maana yake ni maneno ya watu, uvumi, umbea. Saida Karoli amerudi kwenye maana ya tatu ya kuchambua, ile ya midomo iliyo huru juu ya ungo. Safari hii jina la wimbo limebaki katika Kihaya, pamoja na irabu yake tangulizi na ngeli yake, bila neno la Kiswahili la kumpokea mgeni. Anayetaka kujua linamaanisha nini hana budi kumwuliza mwenye lugha.

6. Hitimisho

Mjadala kuhusu mipaka ya fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza kama kazi fulani imetungwa kwa Kiswahili au la. "Maria Salome" unaonyesha udhaifu wa swali hilo. Likiulizwa hivyo, jibu litakuwa ama kuutupa wimbo kwa wataalamu wa fasihi ya Kihaya, ama kuupokea kwa ajili ya maneno matatu na kuyaacha yaliyobaki. Majibu yote mawili yanaupunguza. Uwezo wake uko katika kukaa kwa lugha mbili pamoja, zikigawana hadhira na kubadilishana nafasi ya kiini na mandhari.

Yapo mambo mawili ya kivitendo yanayofuata. Kwanza, matini kamili za Kihaya za nyimbo za Saida Karoli zinastahili kunukuliwa, kufasiriwa na kuwekewa maelezo na wajuzi wa lugha hiyo, kwa uangalifu ule ule uliotumika kwa enanga, wakati waliozisikia zikiwa mpya bado wapo. Pili, vyuo vilivyo katika mwambao wa ziwa, ambavyo madarasa yake yana wazungumzaji wa Kihaya, Kizinza, Kikerewe, Kisukuma na Dholuo kwa pamoja, vina fursa ya kuzifundisha nyimbo hizi kama matini za ngazi nyingi, kila mwanafunzi akieleza alichosikia na alichokosa. Kuchambua ni kutenga bila kuvunja. Kwa muda mrefu uhakiki umeutenga wimbo huu, ukabakiza ganda la Kiswahili na kuiacha punje kwenye ungo.